Meno Niliyomchorea Nyangumi

Rahma mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi zako, na mamako amekufuata na sahani ya kaimati, kwa hivyo nyumba ni yangu mpaka Magharibi. Nimekaa karakanani. Kibao cha fundi saa, nilichomuahidi tangu Jumatatu, nimekigeuza upande wa nyuma nikakifanya meza, na fundi saa atangoja. Kesho kituoni utapewa dua na kila mtu, nami najijua: nitasimama pale nimeshika begi lako kama mpagazi na sitasema lolote la maana. Afadhali niandike.

Sitakwambia ule nini huko Nairobi wala uvae nini kwa baridi. Mamako ameshakujazia kurasa za hayo, na mimi sina ubavu wa kushindana naye. Nataka kukueleza kwa nini nilisema hapana, maana niliisema vibaya nikakuacha umesimama na karatasi mkononi, na tangu siku hiyo wanipitia mlangoni na "subalkheri baba" ya haraka, kama mtu apitaye mbele ya duka ambalo amegombana na mwenyewe.

Hapana yenyewe siiondoi. Hilo lijue mapema, usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta mahali nitakapolegea.

Wiki mbili zilizopita uliingia hapa mbio, buibui limejaa vumbi la njia nzima. "Baba, wamenichukua!" Kampuni ya vitabu ya Nairobi, ile ile iliyochapa kitabu changu cha kwanza, imekupa kazi ya kuchora picha za vitabu vya watoto. Nilifurahi, wallahi, hata brashi ikanidondoka. Kisha ukatoa karatasi ya pili.

"Na kazi ya kwanza ni Jitu la Mkondoni! Watalichapa upya, kwa rangi, na picha nichore mimi. Wewe watia sahihi hapa tu."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Kitabu hicho hakirudi."

"Baba, ni hadithi tu. Watoto wanaipenda."

"Najua kama wanaipenda."

"Basi?"

Nikakwambia nina kazi, nikainamia kibao. Halafu ukasema, polepole, "Mlango ndio kwanza wafunguka, nawe wanifungia," ukapanda juu.

Sasa nisikilize.

Jitu la Mkondoni nililibuni ulipokuwa na miaka minne. Kazi yangu waijua, naandika vibao: maduka ya Makadara, vinyozi, majina ya watu nyuma ya tuktuk zao. Nimezaliwa hatua chache kutoka majini, na mpaka wakati huo sikuwa nimewahi kwenda baharini zaidi ya kuvuka na feri Likoni. Bahari niliijua kwa harufu. Lakini kuchora nilijua, na nilikuwa na mtoto asiyelala mpaka atishwe kidogo. Nikakubunia nyangumi mweusi anayeingia mkondoni, pale zipitapo feri, na kumeza mashua pamoja na abiria na kofia zao. Nikamtia macho mekundu na meno hamsini. Ni hamsini, kwa sababu wewe uliyahesabu kila mara kwa kidole, na ukikosa moja ulinambia nimekuibia. Mwishoni watoto wa mji wanakusanyika ufuoni na kulipiga mawe jitu mpaka linakufa, huku wakiimba: Tupa jiwe, tupa tena, jitu lisirudi kwetu.

Nikaifanya hadithi kitabu, kampuni ya Nairobi ikakipenda. Shule zikakipenda. Nilikuwa nikipita Makadara nasikia watoto wanaruka kamba kwa maneno yangu, na wauza duka niliowaandikia vibao wakaanza kuniita mwandishi badala ya fundi. Nilivimba kichwa, Rahma. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kama nimewahi kumwona nyangumi. Na mimi sikujiuliza.

Ulikuwa umetimiza sita. Ilikuwa Jumapili, mamako ana wageni, nami nikakuchukua twende Kizingo, pale Mnara wa Taa, tukale mihogo. Maji yalikuwa yametoka, mwamba wote u wazi. Tuliposhuka kwenye tuktuk tuliona watu wamejaa ukutani, wanatazama chini. Kule mwambani, kwenye dimbwi lisilofika magotini, kulikuwa na kitu cheusi, urefu wake kama gari dogo. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa mtoto mchanga, wa majuma tu. Wakati ule sikuona mtoto. Niliona jitu langu.

Watoto walikuwa wameshamzunguka. Walikuwa wakiimba, na wimbo ulikuwa wangu. Kila wakifika kwenye "tupa tena" mawe yanaruka. Nataka uelewe kwamba hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa wanafanya kile ambacho kitabu kiliwaambia watoto hodari hufanya, tena kitabu walichopewa na mwalimu.

Mtu mmoja akanitambua. "Mwandishi mwenyewe huyu hapa! Mzee Athmani, umeliona jitu lako?" Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Nami nikatabasamu. Nikainua mkono kama mgombea ubunge.

Wewe uliniponyoka, ukashuka mwambani, nikakufuata. Ulikuwa umeokota jiwe. Ulimsogelea kuliko wenzako wote kwa sababu wewe hukumwogopa. Lile lilikuwa jitu lako, ulilala nalo. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Ukainama, ukachungulia, ukageuka kuniita mbele ya watu wote.

"Baba, mbona hana meno?"

Nikatazama. Hakuwa na jino hata moja. Kwenye taya la juu kulikuwa na safu ya vibanzi vyembamba, laini, kama nywele za brashi ambayo haijatiwa rangi. Watoto walikuwa wamenyamaza wakiningoja mimi. Watu wa ukutani nao walikuwa wananingoja. Ilikuwa nafasi ya kusema maneno matatu tu: baba alikosea, mwanangu. Hayo tu.

Nikasema, "Ameyaficha."

Ukaniamini. Ukatupa jiwe lako, na kwa kuwa ulikuwa karibu, halikukosa. Akafumba jicho.

Miaka kumi na saba nimekutazama nikitafuta dalili kama wakumbuka. Nilikutazama ukichora, ukicheka na wenzako, na siku tulipokupeleka chuo. Sijapata kukuuliza.

Aliyekomesha mambo si mimi. Ni Bi Rukia, yule mama aliyekuwa akikaanga mihogo pale juu. Alishuka mwambani na upawa mkononi, mafuta yanadondoka, hana hata viatu.

"Mwamtupia mawe kwani amewafanyani? Yuwapumua huyu! Hamumsikii? Yuwapumua kama nyinyi!"

Watoto wakanyamaza, na ndipo sote tukasikia. Ilikuwa pumzi nzito, ndefu, kama ya mtu anayetua gunia. Ikakaa kimya muda mrefu, kisha ikaja nyingine. Bi Rukia akafungua leso iliyokuwa juu ya nguo yake, akaichovya majini, akamfunika mgongo. Halafu akatazama huku na huku akitafuta mtu mzima.

"Wewe! Si wewe waitwa mwandishi?"

"Ni mimi, Bi."

"Haya, mwandishi, chukua ndoo."

Tukamwagia maji. Mimi, yeye, mabawabu wa nyumba za jirani, na kina mama waliokuja kupunga upepo, leso zao zote zikaishia mgongoni kwake. Na watoto wale wale waliotupa mawe walichota maji kwa chupa za soda. Wewe ulichota kwa kiatu chako, ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, mpaka kiatu kikaachana na soli. Afisa wa wanyamapori alikuja jua likiwa limelala. Maji yalipojaa yakamwinua yule mtoto, lakini alikuwa hapigi tena mkia.

Afisa aliniambia kwamba alishapotezana na mamake, kwamba alikuwa mgonjwa na amekaukiwa maji mwilini kabla hajafika pale, na kwamba mawe siyo yaliyomuua. Aliyasema kwa huruma, aliona nilivyokuwa. Basi kifo chake kikaniondoka. Mawe hayakuondoka.

Njiani kurudi, ndani ya tuktuk, uliniuliza kama ameyatoa meno alipokufa. Nikakwambia nyamaza, ulale.

Niliwaandikia kampuni nikawaomba wasikichape tena. Wakanijibu kwa adabu kwamba mkataba ni mkataba. Basi nikangoja mkataba uishe, na ulipoisha walileta mwingine, sikutia sahihi. Watu wa nyumbani walidhani nimechanganyikiwa. Mamako peke yake hakuniuliza, kwa sababu usiku ule wa Kizingo niliporudi nilimweleza kila kitu, akasema, "Na mtoto umemwambia?" Nikasema nitamwambia. Ameniuliza swali hilo hilo kila mwaka.

Halafu nikaenda kuangalia. Nilimpata nahodha anayewapeleka wageni kutazama nyangumi miezi ya upepo wa kusi, nikamwandikia jina la boti yake bure ili anichukue. Nilitapika tangu tulipotoka nje ya mlango wa bandari. Yule nahodha akanishika kola nisianguke, akanambia, "Mzee, wewe kweli mtu wa Mombasa?" Siku ya kwanza hatukuona kitu, na ya pili vilevile. Siku ya tatu nilikuwa nimelala chali sakafuni mwa boti, sitaki kuishi, nikasikia ile pumzi. Niliijua kabla sijainua kichwa. Mama na mtoto. Mtoto alikuwa akipanda juu ya mgongo wa mamake na kuteleza, anapanda tena, kama wewe mgongoni mwangu nilipokuwa nikisujudu. Nahodha alizima mashine. Nililia mbele ya wageni wanne wenye kamera, na sikujali.

Hapo ndipo nilipoandika kitabu cha pili, Mgeni Anayekuja Kuzaa. Kinaeleza jinsi anavyotoka kusini kwenye maji ya baridi kali mpaka huku kwetu kwa ajili ya mtoto wake, na anavyokaa miezi bila kula akimnyonyesha, kisha anarudi. Nilikipeleka Nairobi mwenyewe. Mhariri alikuwa Bwana Mwakio, huyu huyu ambaye sasa atakuwa mkubwa wako. Ni mtu mwema, sitaki umchukie.

"Mzee Athmani," akanambia, "kimeandikwa vizuri sana. Lakini adui yuko wapi? Mtoto atafungua ukurasa wa pili kwa ajili gani?"

"Aone kama mtoto wa nyangumi atapumua."

Akacheka. "Tutie jitu. Hata dogo."

"Hapana."

"Papa basi."

"Hapana, Bwana Mwakio."

Nikakichapa hapa jirani, Makadara, rangi nyeusi na nyeupe, kimefungwa kwa pini mbili, na nikakibeba begani shule kwa shule. Hapa mtaani wakanibandika jina Mzee wa Nyangumi. Nikipita barazani wananiuliza, "Yakhe, nyangumi wako hajambo?" Nami huwajibu, "Hajambo, awasalimu." Shule moja ya Kizingo, ile yenye miti, mwalimu mkuu alinambia kwamba watoto wao wanapenda simba na twiga, wanakwenda kuwaona wakati wa likizo. Dirisha la ofisi yake limetazama bahari. Nilimwonyesha kwa kidole. Nyangumi wanapita pale nje, nikamwambia, hawahitaji likizo wala gari. Akaniaga kwa heshima.

Lakini siku ninayoiweka moyoni ni ya shule ya Makadara. Waliniita nije niwasomee Jitu, walikuwa bado na nakala za zamani kabatini, zimechakaa kwa kupendwa. Nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Kitabu hicho kina uongo, na uongo ni wangu. Nyangumi anayepita hapo nje hana meno, hamezi mashua, na hajamdhuru mtoto yeyote wa Mombasa. Mimi ndiye niliyemdhuru."

Mwalimu mkuu akanivuta kando. "Mzee, wafanya nini? Watoto wataanza kutilia shaka vitabu!"

"Wakianza na changu itakuwa vyema," nikamwambia, tena kwa sauti, wakasikia.

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. Alikuwa na kitabu changu cha pili mapajani. "Sasa hiki tukiamini vipi?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Nikamwambia, "Msikiamini. Nendeni Mnarani mkatazame wenyewe, miezi ya kusi, asubuhi."

Baada ya wiki tatu alikuja hapa karakanani na wenzake wawili, wamekasirika. "Tumekwenda Jumamosi mbili. Hatukuona kitu."

"Na Jumamosi hii?"

Wakatazamana. "Tutakwenda."

Sikuwahi kupata malipo ya kitabu yaliyo bora kuliko lile jibu. Sijui kama walimwona. Najua kwamba walikuwako watoto watatu wa Makadara wamekaa ukutani wakimtafuta, mikono yao haina mawe.

Ungedhani basi nilikuwa nimejifunza. Sikiliza hili la pili, maana hili walikumbuka, najua.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mamako alikupeleka soko la samaki, ukarudi ukachora papa. Ulimchora amemkata jodari katikati, na damu, na meno yake yote safu baada ya safu. Mchoro ule ulikuwa mzuri kuliko wowote niliopata kuuchora mimi. Nami nikauchana. Nikakuambia, "Katika nyumba hii hakuchorwi meno."

Hukulia. Ulitazama vipande vile ukasema, "Lakini baba, papa anayo."

Papa anayo! Mtoto wa miaka kumi na moja. Na mimi mtu mzima, mwandishi wa vitabu viwili, nikakutuma ukalete maji. Usiku ule mamako alinambia mbele ya chakula, "Umechana kazi ya mtoto kwa sababu ya dhambi yako mwenyewe." Kwa miaka mitatu hukunionyesha tena mchoro. Nilikuwa nikiona mwanga chini ya mlango wako, nasikia penseli inakwaruza, na sikuthubutu kubisha.

Nilichokuja kukielewa katika miaka hiyo mitatu, nikiwa peke yangu na vibao vyangu, ni kwamba nilikuwa nimefanya kosa lile lile mara mbili. Kwanza nilimtia meno asiyekuwa nayo ili apendwe na wanunuzi. Kisha nikataka kumng'oa meno aliyenayo ili nijisikie msafi. Fungua Mgeni Anayekuja Kuzaa ukurasa wa saba, umtazame mama nyangumi. Anatabasamu. Nyangumi hatabasamu, Rahma. Niliogopa kwamba watoto hawatampenda akiwa na uso wake mwenyewe. Huo nao ni uongo, ingawa umevaa vizuri.

Kwa hivyo ukinisikia nakataa Jitu usidhani ni babako na nongwa zake za kuchukia hadithi za kutisha. Watoto na waogope, wana raha yao katika kuogopa, hata wewe ulikuwa huwezi kulala bila hiyo. Zimwi lisilo na kwao lichore utakavyo, litie meno mia, nitakuwa wa kwanza kuyahesabu. Lakini mnyama aliye na kwao, anayepita hapa nje kila mwaka na mtoto ubavuni, huyo hawezi kuja dukani akasema nimesingiziwa. Na mtoto anayekisoma kitabu ana mikono.

Jana Bwana Mwakio alinipigia simu. Nilikwambia ni mteja. Hakuwa mteja.

"Mzee Athmani, nakuomba kama rafiki. Tutabadilisha mwisho. Watoto hawatalipiga mawe, watalisamehe, litarudi baharini."

"Na meno?"

"Meno yabaki. Jalada ni hayo meno, mzee. Watu waliolinunua miaka ile ndio wazazi wa leo, wanataka kuwanunulia watoto wao lile wanalolikumbuka."

"Basi wakumbuke vizuri. Hapana."

Akavuta pumzi. "Jina la binti yako litakuwa kwenye jalada. Kitabu chake cha kwanza. Umefikiria hilo?"

Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka akasema, "Haloo? Imekatika?"

"Haijakatika," nikamwambia. "Hapana."

Nikamuuliza kama kazi yako i salama. Akasema kazi ni yako, uliipata kwa mkono wako wala haikupitia kwangu, na akaongeza kwamba kati ya waliopeleka michoro hakuna aliyekukaribia. Lakini kwa kuwa Jitu halipo, utaanzia chini kama wengine: vitabu vya hesabu za darasa la kwanza. Machungwa matano, toa mawili. Mwaka mmoja, pengine miwili, kabla hujapewa hadithi.

Basi hiyo ndiyo bei, na nimekulipisha wewe bila kukuuliza. Jina lako lingekuwa kwenye jalada la rangi, kwenye kila duka la vitabu kutoka Mombasa mpaka Kisumu, na badala yake utachora machungwa. Ukiwa na hasira, ni haki yako. Sitakwambia kwamba machungwa ni mazuri kwako. Nitakwambia tu kwamba ningeulizwa tena leo, ningesema vilevile, na kesho vilevile, na hata wakija na jalada la dhahabu. Sina kitu kingine kikubwa nilichokifanya duniani isipokuwa kile kitabu, Rahma, na kubwa zaidi ni kukizuia.

Wala usinibebee nyangumi wangu. Sikupeleki huko ukawe askari wangu. Pengine utakuja kuchora mbu, au paka wa Mji wa Kale, au usichore mnyama hata mmoja maisha yako yote, na mimi nitanunua nakala na kuwachosha nazo watu wa barazani. Na pengine iko siku utaletewa hadithi ya kupendeza, watu wema watakuzunguka, wakupigie makofi, na ndani yake kuna jambo dogo unalolijua kuwa si kweli. Sijui utafanya nini. Mimi nilitabasamu nikapunga mkono.

Ilikuwa nia yangu kuitia barua hii kwenye begi lako, chini kabisa, kati ya zile sweta, uikute ukiwa umeshafika. Nimekaa hapa nimelishika begi, nikaona nafanya nini. Mtu anamwandikia mtoto wake ukweli kisha anampandisha garimoshi ili asimwone akiusoma! Nimejificha miaka kumi na saba, na nilikuwa naongeza mwaka mwingine kwa ujanja.

Hapana. Nasikia sauti ya mamako kwenye kona, anabishana na mwenye tuktuk, na wewe wacheka. Mkiingia nitakuita hapa karakanani nikupe mkononi, ukae kwenye kigoda uisome mbele yangu yote, neno kwa neno. Sitainamia kibao. Ukimaliza nitakuuliza kama wakumbuka siku ile, na utanijibu. Na ukitaka kunipigia kelele, nipigie, Mji wa Kale wote usikie, madirisha nimeshayafungua.

Babako,
Athmani